Kishindo, Utu na Istilahi katika Tamthilia za Sayansi

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba tamthilia za kisayansi zionyeshwazo katika televisheni si jambo la kujadiliwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Vyombo vya anga, mashine zenye akili na safari za kwenda sayari nyingine, husema watu hao, ni ndoto za mataifa yaliyoshiba. Mtoto wa Kilimatinde ana haja ya maji kabla ya kuwa na haja ya nyota. Sisi tunaoandika haya tunaishi Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na haja ya maji tunaijua bila kufundishwa. Ndiyo sababu tunaikataa hoja hiyo. Mtu aliyeamka saa tisa za usiku kuwahi foleni ya kisima ana sababu kubwa kuliko mwingine yeyote ya kufikiri habari za miaka 50 ijayo.

Lakini hatukusudii kuzitetea tamthilia hizo zote kwa jumla. Nyingi ni mbovu, na ubovu wake una sababu inayoweza kuelezwa. Tamthilia ya namna hii hujengwa kwa mambo matatu: kishindo, yaani mapigano, mbio na milipuko, utu wa wahusika, yaani mapenzi, hofu, wivu na deni walizonazo wao kwa wao, na istilahi, yaani yale maneno mazito ya mashine na mionzi. Mtu akikosea kipimo cha mambo hayo, kazi yake huharibika. Nasi tunadai kwamba hapa kwetu wengi hukosea kipimo hicho hata katika kutazama, achilia mbali kutunga.

Wazee wenzetu watakumbuka mabanda ya video ya miaka ya 1990 na iliyofuata. Filamu ilikuwa ya Kiingereza au Kichina, na msimulizi aliieleza kwa Kiswahili. Baadhi ya wasimulizi, kama Lufufu, walivuma nchi nzima kuliko waigizaji wenyewe. Wasomi waliwacheka. Sisi tuliketi katika mabanda hayo, juu ya magogo, na tunasema wazi kwamba msimulizi alikuwa mhakiki hodari. Walipotokea mabwana wenye makoti meupe wakaanza kusemezana habari za mitambo, msimulizi alisema tu, "Hapa wanasemasema mambo yao ya mashine," akapita. Wala hatukupotewa na kitu. Kumbe maneno yale hayakuwa na kazi katika hadithi. Yangalikuwa na kazi, tungaliona pengo. Aidha, msimulizi huyo huyo aliongeza kile ambacho filamu ilikuwa imekipunguza. Aliwapa wahusika undugu. Huyu alikuwa shemeji wa yule, na yule alikuwa amesomeshwa na mzee anayetaka kumwua. Banda zima lilitulia likasikiliza.

Ushahidi wa maoni yetu unatoka hata kwa watungaji wenyewe wa Marekani. Ronald D. Moore, aliyeandika kwa miaka mingi katika tamthilia za Star Trek, amepata kueleza kwamba yeye na wenzake walipofika mahali pa maneno ya kitaalamu waliandika neno moja tu lenye maana ya "ufundi", kisha washauri wa sayansi wakaja baadaye kujaza nafasi zile. Mhusika alisema kwamba ameufanyia ufundi ule ufundi, na ufundi ukawaokoa! Na tufikiri maana yake. Kilele cha hadithi, pale watu wanapookoka au kufa, kiliachwa wazi kama fomu ya ofisi ingojayo kujazwa na karani. Sisi tumekuwa makarani serikalini zaidi ya miaka 25, nasi tunazijua fomu za namna hiyo. Moore huyo huyo alipoongoza Battlestar Galactica, kuanzia mwaka 2003, aliupunguza mno msamiati ule akaweka mbele watu waliobaki wachache, wenye mashaka, wasioaminiana, waliobeba nchi yao katika merikebu za angani. Kishindo kilikuwapo, tena kikubwa. Lakini kila risasi ilikuwa na mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalotuhusu kwa karibu zaidi. Star Trek ya kwanza ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Jioni hiyo ya kwanza kabisa, ndani ya chombo kisafiricho baina ya nyota, yalisikika maneno ya Kiswahili. Luteni Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, ambaye jina lake lilitokana na neno letu uhuru, alizungumza na kiumbe kilichojigeuza kijana wa kwao. Mwaka 1967 katika sehemu nyingine Uhura alifutiwa kumbukumbu zake zote, ikabidi afundishwe kusoma upya. Alipokwamishwa na neno la Kiingereza, ulimi wake ulirudi katika Kiswahili. Mwaka huo huo Bunge letu lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa.

Tusijisifu mno. Uhura alipewa maneno machache, na mara nyingi kazi yake ilikuwa kutangaza tu kwamba mawasiliano yamefunguka. Hata hivyo tunaomba walimu waitazame sehemu ile pamoja na wanafunzi wao. Watungaji wale wa kigeni hawakukitumia Kiswahili kama pambo la sauti tu; walikiweka pale moyo wa mtu ulipojeruhiwa. Iweje basi baadhi yetu tudai kwamba lugha hii haifai kusemwa angani?

Hapa tunafika kwa wapinzani wetu wakubwa. Hao husema kwamba istilahi za sayansi hazitafsiriki, kwa hiyo tamthilia za sayansi na ziachwe katika Kiingereza. Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare mwaka 1963 hakungoja kwanza Kiswahili kikue. Alikikuza kwa kukitumia. Na tazameni neno UKIMWI. Ni istilahi ya kitabibu iliyofupishwa kutoka upungufu wa kinga mwilini, ngumu kama yoyote iliyomo katika vitabu vya baiolojia. Nani hapa Kilimatinde alihitaji kamusi? Neno lilienea kwa sababu lilikuja na mazishi.

Tena lilibebwa na tamthilia. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Wasikilizaji walifundishwa habari za uzazi wa mpango na za maambukizo, lakini hawakuketi redioni kwa ajili ya somo. Waliketi ili wajue Mkwaju atafikwa na nini na Tunu atafanyaje. Jirani zetu wa Dodoma walicheleweshewa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Basi mfano wa kipimo chema tunao nyumbani, nao ulitoka katika redio ya taifa kabla Star Trek haijafikiriwa na yeyote katika tarafa yetu.

Kwa upande wa Kiswahili kilichoandikwa, marehemu Katama Mkangi wa Kenya alituachia Walenisi mwaka 1995. Humo Dzombo, mtu aliyehukumiwa, hutupwa angani katika chombo akafika sayari isiyofanana na dunia aliyoiacha. Mkangi hakujali sana namna chombo kinavyokwenda. Alijali namna watu wa huko wanavyogawana kazi na haki. Twamsifu kwa hilo, ijapokuwa tungependa angalituambia kidogo zaidi habari za chombo. Mtu aliyefungiwa ndani ya mashine asiyoielewa angeuliza.

Filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya pia, iliyotolewa mwaka 2009, haizidi sana dakika 20. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakizalisha umeme kwa miguu na mikono yao na kusafisha jasho na mkojo wao wapate kuyanywa tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, hupata udongo wenye unyevu, hupanda mbegu ndani yake, kisha hutoka jangwani peke yake. Maneno ya kitaalamu ni machache mno, kwa maana kila chombo tunakiona kikifanya kazi: tone la jasho linaingia katika chupa, nasi tumekwisha kuelewa mtambo. Lawama yetu ni moja: kichwa cha filamu ni Kiswahili, lakini lugha yake ni Kiingereza.

Sisi ni watu wa mashairi, na neno mizani kwetu lina maana ya kuhesabu. Hatusemi kwamba kishindo, utu na istilahi vigawanywe theluthi kwa theluthi. Anayehesabu mizani peke yake hupata mistari iliyonyooka, ushairi asiupate. Tunasema kwamba istilahi iingie pale mtu anapoihitaji. Pampu ya kisima kimoja huku kwetu iliwahi kufa kwa siku nyingi. Fundi alipokuja alitamka neno vali, akaionyesha, imepasuka. Akina mama waliokuwa wakingoja na ndoo walilishika neno hilo siku ile ile, na hadi leo pampu ikikohoa utasikia bibi wa miaka 70 akisema vali imechoka. Mwanafunzi wa sekondari, anayefundishwa sayansi kwa Kiingereza, amekariri maneno mia ya namna hiyo bila kuwa na ndoo mkononi.

Watatuambia kwamba televisheni ina gharama na kwamba hatuwezi kujenga vyombo vya anga. Basi tuanze na redio, ambayo haihitaji kujengewa kitu. Tumekwisha kuandika mchezo mfupi juu ya kisima cha Kilimatinde katika mwaka 2090. Kijana wa kidato cha tatu aliyetusomea sehemu ya fundi alikwama katika neno moja akauliza maana yake. Tulilifuta. Usiku tukalirudisha, na lile swali la kijana tukampa mama aliyesimama foleni na ndoo.