Wakutubi Wasiachwe Nje ya Meza ya Majadiliano

Ipo kasumba ya zamani inayodhani kwamba mkutubi ni mtu wa kugonga mihuri na kuwanyamazisha wasomaji. Kasumba hiyo imepenya hata katika vyama vya wafanyakazi. Unapojadiliwa mkataba wa hali bora vyuoni, wahadhiri husemewa, watawala hujisemea, na mkutubi husubiri kusoma matokeo kwenye ubao wa matangazo.

Kijana wa Mbangala, mkoani Songwe, hakuzaliwa katika nyumba yenye makabati ya vitabu. Akienda chuo kikuu Mbeya au Dar es Salaam, maktaba ndiyo mahali pekee anapolingana na mtoto wa tajiri. Maktaba hiyo haibaki wazi usiku kwa miujiza. Yupo mfanyakazi aliyeacha watoto wake nyumbani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetamka kwamba saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Lakini Sheria haipangi zamu, wala haisemi mama aliyefunga milango usiku atafikaje kwake. Hayo ni ya mkataba, na mkataba huandikwa na waliopo mezani.

Wakutubi nao wana lawama. Wapo wanaojitenga kwa madai kwamba wao ni wasomi, si watu wa vyama. Majivuno matupu! Mkataba ukishatiwa saini humfunga kila mfanyakazi wa kundi lililojadiliwa, mwanachama na asiye mwanachama. Zama za NUTA ya mwaka 1964 na JUWATA ya mwaka 1978, mtu aliweza kujitetea kwamba chama kilikuwa kimoja na hakukichagua. Tangu vije RAAWU na THTU, kisingizio hicho kimekufa.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Basi matawi yamchague mkutubi kuingia katika kamati kabla ya mkataba ujao, naye aje na daftari la zamu za mwaka mzima mkononi. Nani ajuaye kutunza na kufukua nyaraka kumshinda yeye?