Mtungi wa mzee na pipa la muuza sumu: sheria izitenganishe

Mtu anayetaka kutengeneza pombe nyumbani kwake hana haja ya kutafuta duka maalumu katika masoko ya Karatina, Nyeri, Kerugoya, Embu au Meru. Sukari ipo, asali ipo, miwa ipo, hamira inauzwa karibu katika kila kibanda, na unga wa mahindi na wimbi wa kufanyia kimea haukosekani. Mapipa ya plastiki, vibuyu, masufuria na vitambaa vya kuchujia huuzwa mchana kweupe. Hakuna askari anayemkamata muuza pipa, wala chifu anayemhoji mwenye asali. Kosa huanza pale vitu hivi vinapokutana chini ya paa moja na kuachwa vichache.

Hapo ndipo penye swali ambalo eneo la Mlima Kenya limeshindwa kulijibu kwa miaka mingi. Je, mzee anayeandaa muratina kwa ajili ya ruracio ya binti yake ni mhalifu wa aina moja na mfanyabiashara anayetia sumu katika kinywaji cha vijana? Katika misako yetu, wote wawili humwagiwa pombe yao mtaroni na kupandishwa gari moja.

Tuanze na muratina yenyewe. Kinywaji hiki cha Wakikuyu na majirani zao hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na chachu yake hutokana na tunda la mwegea. Tunda hilo hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa juani, kisha hulazwa katika asali kidogo mpaka vijidudu vya chachu vijenge makao ndani ya nyuzi zake. Baada ya hapo hutumika tena na tena, kama mama anavyohifadhi maziwa kidogo ya mgando ili kugandishia mengine. Kwa lugha ya darasani, wazee walikuwa na maabara yao kabla ya wino wa kwanza kufika Nyeri. Aidha, walikuwa na kanuni zao: njohi ilikuwa ya wazee, ya mahari na ya baraka. Kijana hakuigusa kwa kujiamulia.

Ukoloni ulizivuruga kanuni hizo. Kiwanda cha bia kilianzishwa Nairobi mwaka 1922, lakini Mwafrika alikatazwa na sheria kunywa bia hiyo ya chupa hadi miaka ya 1940. Wakati huo huo Sheria ya Machifu ya mwaka 1937 ilimpa chifu uwezo wa kuzuia utengenezaji na unywaji wa pombe katika eneo lake. Hivyo Mwafrika alinyimwa bia ya Mzungu, na ya babu yake akaruhusiwa kwa hisani ya chifu tu. Uhuru ulipokuja, wenye mamlaka walibadilika ila fikira haikubadilika sana. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa, ikaendelea kupikwa kando ya mito, safari hii kwa siri na hongo.

Jirani zetu wa Uganda walichagua njia nyingine. Sheria yao ya Enguli ya mwaka 1965 ilitaka wapikaji wadogo wakiuzie kiwanda kilichosajiliwa pombe yao ili isafishwe, na humo ndimo ilimotoka Waragi ya chupa. Njia hiyo haikumaliza upikaji wa siri, lakini ilikubali jambo moja la msingi: mpikaji yupo, na ni afadhali ajulikane.

Kenya ilikuja kuukubali ukweli huo mwaka 2010, Bunge lilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyopewa na wananchi jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Marufuku ya chang'aa ilifutwa. Badala yake kila mtengenezaji alitakiwa awe na leseni na afikie viwango. Kwa maandishi, huo ulikuwa uhuru. Kwa vitendo, kanuni zilizotungwa kwa ajili ya kiwanda haziwezi kumfaa bibi mwenye mtungi mmoja Mathira au Othaya. Aliyefaidika ni mwenye mtaji wa kununua spiriti, rangi na ladha, akavichanganya na maji na kuvitia katika chupa yenye lebo ya kupendeza. Vileo hivyo rahisi ndivyo vilivyoienea Mlima Kenya, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru msako mkubwa mnamo Julai 2015, na wabunge wakaongoza umati kuvunja mabaa na kumwaga vinywaji.

Je, misako ilitupatia nini? Mnamo Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Ilidaiwa kwamba kinywaji hicho kilikuwa kimekwisha kunaswa na kuwekwa kituo cha polisi kama ushahidi, kisha kikatoweka na kurudi sokoni. Mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza hatua kali, zikiwamo kusimamisha leseni za watengenezaji wa vileo hivyo. Mlinzi akigeuka kuwa msambazaji, marufuku hugeuka kuwa biashara.

Hapa walimu wa sayansi wana kazi kubwa kuliko askari. Sukari inapochachushwa hutoa ethanoli, kileo cha kawaida. Methanoli hutokea pia, hasa katika pombe za matunda, lakini kwa kiasi kidogo mno katika pombe isiyokenekwa. Vifo vya halaiki, kama vile vya Nairobi mwaka 2000 vilivyosababishwa na kinywaji cha kumi kumi, hutokana na methanoli ya viwandani inayotiwa makusudi ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huharibu mshipa wa macho. Ndiyo maana manusura wengi huamka vipofu. Ubaya zaidi ni kwamba harufu na ladha yake havitofautiani sana na vya ethanoli. Mnywaji hawezi kuonja na kujiokoa.

Hatari nyingine imo katika vyombo. Pipa la bei nafuu huenda lilibeba dawa za mashambani au kemikali za kiwandani kabla ya kufika sokoni, na plastiki haisahau ilichobeba. Pombe ina asidi. Hula bati na madini ya chombo kibovu. Mwanafunzi aliyeshika haidromita maabarani anaweza kupima sukari iliyogeuka kileo, lakini chombo hicho hakimwambii kama kuna sumu. Maarifa haya hayafundishi ulevi, bali huokoa maisha.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii. Uingereza iliondoa leseni ya kutengeneza bia nyumbani mwaka 1963. Marekani ikafuata mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria inayoruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kutengeneza hadi galoni 200 kwa mwaka bila kodi, mradi isiuzwe. Kukeneka pombe kali nyumbani kulibaki marufuku. Mpaka umechorwa mahali panapoeleweka: kuchachusha si kukeneka, na kunywa nyumbani si kuuza.

Watakuwapo watakaosema kwamba eneo letu limekwisha kulewa vya kutosha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Wake waliobaki na mizigo ya nyumba na mashamba ya chai yasiyochumwa ni ushahidi tosha, na mtungi ulio sebuleni unaonwa na watoto. Lakini ulevi huo umekua chini ya marufuku, haukukua chini ya ruhusa. Tazama pia unafuu wa bei: mwaka 2013 serikali ilipopunguza msamaha wa kodi ya bia ya Keg, mauzo yake yaliporomoka, na kiu ya maskini haikuporomoka pamoja nayo. Mwaka uliofuata pombe yenye sumu iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwamo.

Maadamu Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo, Nyeri na jirani zake hazina sababu ya kungoja Nairobi. Mabunge ya kaunti yaishinikize serikali kuu ikubali kiasi maalumu cha pombe ya kuchachusha kwa matumizi ya nyumbani na sherehe, bila kuuza. Methanoli ifuatiliwe kutoka bandarini hadi kwa mtumiaji wa mwisho, na anayeitia katika kinywaji ashtakiwe kwa mauaji. Ushahidi unaonaswa uharibiwe mbele ya hakimu. Wakulima wa Timau wanaoona shayiri yao ikienda kiwandani na kurudi katika chupa wasizoweza kununua wapewe nafasi katika mjadala huu.

Sheria inayomwadhibu mwenye kibuyu na kumkosa mwenye pipa la methanoli haimlindi kijana wa Kangai. Humfundisha tu mzee kuficha mtungi wake, na pale pombe inapofichwa ndipo sumu inapopata mlango.