KONA YA HESABU: Nukta, mstari na bapa

Mwezi huu watoto wa darasa la sita wanaanza jiometri. Wakirudi nyumbani na daftari lenye vidoto na mistari, msishangae, wala msiseme, "Mimi sikusoma, kamuulize mwalimu." Somo hili mnaliweza.

Tena kuna habari njema kwa mtoto aliyekaa miaka miwili au mitatu bila shule kwa sababu ya vita na safari. Kwenye kugawanya anaona aibu, maana wenzake wadogo wamemtangulia. Lakini mwanzo wa jiometri hauhitaji kugawanya. Unahitaji macho, mikono na maneno matatu. Hapa anaweza kuanza sawa na wengine, basi asikose vipindi hivi.

Neno la kwanza ni NUKTA. Nukta ni mahali tu. Haina urefu, haina upana. Kidoto cha kalamu ni picha yake ya kutuonyesha pale ilipo. Tunaipa jina la herufi kubwa: nukta A, nukta B.

Neno la pili ni MSTARI. Chomekeni vijiti viwili chini, mvute kamba kati yake mpaka ikaze. Je, kuna njia nyingine ya kunyoosha kamba hiyo kati ya vijiti vilevile? Hakuna. Kwenye nukta moja inapita mistari isiyohesabika, lakini kwenye nukta mbili unapita mstari mnyoofu mmoja tu. Ndiyo maana fundi anayejenga ukuta anafunga uzi huku na huku kabla ya kupanga matofali.

Sasa hapa watoto wengi wanapoteza alama. Mstari wa jiometri unaendelea pande zote mbili bila mwisho, kwa hiyo hauna urefu wa kupima. Kile kilicho kati ya vijiti viwili kinaitwa kipande cha mstari, na hicho ndicho tunapima kwa rula. Ukianzia nukta moja na kwenda upande mmoja bila mwisho, kama mwanga wa tochi, huo ni mwale.

Neno la tatu ni BAPA. Ni uso ulionyooka kabisa, usio na unene, unaoendelea pande zote bila mwisho. Ubao wa darasani na sakafu iliyosawazishwa ni picha za sehemu ya bapa. Turubai lililolegea katikati si bapa, kwa sababu limepinda.

Twendeni jikoni. Kwa nini mafiga ni matatu? Nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja zina bapa moja tu linalopita kwenye zote. Sufuria inashika mafiga yote matatu, haichezi. Mkiyapanga matatu kwa mstari mmoja, ugali utamwagika! Meza ya miguu minne je? Mguu wa nne ukiwa mfupi kidogo, ncha yake haifiki kwenye bapa la ile mitatu, basi meza inatikisika na mnatafuta karatasi ya kuweka chini. Binti anayepika kila siku anaijua kanuni hii kwa mikono. Kazi yetu ni kumpa maneno yake. Kwa hiyo tunaomba: akikaa na daftari, mwacheni nusu saa kabla ya kumtuma maji.

Jiometri maana yake ni kupima ardhi. Kitabu chake kilichojulikana zaidi kiliandikwa na Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo. Kina sehemu 13, na yeye pia alianza kwa kueleza nukta na mstari. Basi mtoto wako anaanza palepale.

KAZI YA NYUMBANI (mzazi na mtoto pamoja)

1. Tafuteni ndani ya nyumba mahali ambapo kuta mbili zinakutana. Mabapa mawili yakikutana, yanaacha nini?

2. Wekeni mawe madogo manne chini, matatu yasiwe kwenye mstari mmoja. Chora kipande cha mstari kutoka kila jiwe hadi kila jiwe lingine. Ni vipande vingapi?

Majibu: (1) Mstari. (2) Vipande 6. Mtoto akisema 12, amehesabu kutoka A hadi B, kisha kutoka B hadi A tena. Msimkemee. Mwambieni apite na kidole juu ya kila kipande mara moja tu, ataona mwenyewe.

Mwezi ujao tutaongea kuhusu pembe. Hifadhini vijiti na kamba, tutavihitaji. Kazi njema!