Adhabu Imfikie Aliyemleta Mamluki

Mkulima wa Bonde la Kilombero anaijua hila ya mpunga mwitu. Huota bega kwa bega na mpunga halisi, na asiye mzoefu huutunza kwa jasho lake mpaka hasara idhihirike wakati wa mavuno. Michezo ya shule zetu nayo ina gugu la namna hiyo, nalo limekwisha kupewa jina: mamluki.

Mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule anayoichezea, ama aliyevuka umri unaotakiwa, ambaye huvalishwa jezi ili kombe lipatikane. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia chini na kupanda hadi taifa, na kila ngazi ina nafasi chache. Mamluki mmoja akiingizwa katika timu ya Ifakara, mtoto mmoja wa Mang'ula au Kibaoni, aliyefanya mazoezi jioni baada ya kuwasaidia wazazi shambani, huwa ameporwa haki yake.

Taifa letu limekwisha kuonja uchungu wa udanganyifu wa umri. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17 waliondolewa katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri. Wenzake wote wakaikosa safari. Mwaka 2017 tulikwenda Gabon baada ya Kongo-Brazzaville kuondolewa kwa suala la umri wa mchezaji wao. Hatuwezi kuishangilia kanuni inapotufaa na kuilaani inapotuumiza.

Hata hivyo, ni lazima tuulize adhabu humwangukia nani. Huko Marekani, mwaka 1987, timu ya Southern Methodist University ya Texas ilifungiwa msimu mzima kwa kuwalipa wachezaji fedha za siri, na mwaka 1988 pia haikucheza. Bill Clements, aliyekuwa amepata kuongoza bodi ya chuo hicho, alikiri kwamba malipo yaliendelea kwa ridhaa yake. Naye alibaki Gavana wa Texas hadi 1991. Wanafunzi walipoteza uwanja. Mkubwa hakupoteza kiti.

Sisi hatupendi mfano huo uigwe hapa. Mtoto hajiandikishi mwenyewe katika timu. Yupo mtu mzima aliyemtafuta, yupo aliyeliandika jina lake, na yupo aliyejua akanyamaza. Kuifungia shule nzima na kuwaacha hao waendelee na shughuli zao ni kukata majani na kuacha mzizi.

Hivyo basi, tunatoa wito kwa wasimamizi wa michezo bondeni na nchini kote. Daftari la mahudhurio na cheti cha kuzaliwa vikaguliwe mbele ya timu zote kabla ya mchezo wa kwanza, si baada ya fainali. Mamluki akibainika, atoke. Aliyemleta asikabidhiwe tena timu ya watoto. Na mwanafunzi aliyeachwa aitwe, apewe jezi yake.

Michezo ya shule ni sehemu ya malezi. Mtoto anayeona mwalimu wake akishinda kwa hila amekwisha kufundishwa somo, na somo hilo hatalisahau.