Gari Linalokataa Leo na Kuwaka Kesho



Mama mmoja wa jamaa zetu wa pwani aliyeolewa bara ametuuliza kuhusu gari lao kuukuu, analokwenda nalo baina ya Kitale na Bungoma kwa biashara. Siku nne huwaka vyema, ya tano hukataa. Fundi akifika, huwaka. Betri imebadilishwa, stata imebadilishwa, na sasa nyumbani imeingia dhana kwamba fundi anakula fedha zao.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na aya ya 12 yatuonya juu ya dhana. Maradhi yanayokuja na kuondoka humtatiza hata fundi mwaminifu, kwani gari humfikia likiwa halina dalili. Shahidi ni wewe uliyekuwapo lilipokataa. Basi ushahidi na ukusanywe saa ile ile.

Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, au ikisikika tik-tik-tik, umeme hautoshi: ama betri ni dhaifu, ama vichwa vyake vimelegea au vimeota ukungu. Taa zikibaki na nuru yake na stata isizunguke, tazama stata yenyewe, waya zake na swichi ya ufunguo. Gari la otomatiki lijaribiwe gia ikiwa kwenye N badala ya P. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, betri na stata hazina hatia. Tafuta cheche za plagi au pampu ya petroli.

Mahali na saa pia ni ushahidi. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma kiasi cha 1,400. Baridi ya alfajiri hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili kuwa nzito. Lakini gari likikataa adhuhuri injini ikiwa moto, kisha likakubali baada ya kupoa, shaka ielekee kwenye sensa ya injini au rilei ya pampu.

Kabla ya kununua kitu, mwombe fundi apime. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma kama volti 12.6, injini ikinguruma, isome baina ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, huenda altaneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa. Vichwa vyenye ukungu husafishwa kwa maji ya moto na magadi, kisha hukazwa kwa spana. Mara nyingine dawa huwa ni hiyo tu.

Weka daftari garini: saa, mahali, baridi au joto, taa, sauti. Mpe fundi daftari hilo kabla ya kumpa fedha. Mali ya nyumba ni amana, na heshima ya fundi ni amana vilevile.

Wabillahi tawfiq.