Bawabu Si Mwenye Nyumba

Imezuka tabia katika mashirika yetu ya biashara, makubwa kwa madogo, ambayo haifai kuachwa iendelee bila kukemewa. Nayo ni tabia ya kuchagua huduma ya kusambaza na kulinda tovuti kama mtu anunuavyo njugu njiani: kwa kutazama jina lililovuma, au bei iliyo ndogo, au kwa sababu tu jirani naye anaitumia. Mkurugenzi humwambia fundi, "Tafuta chochote, mradi tovuti isianguke." Fundi hufungua akaunti kwa jina lake mwenyewe, hubonyeza mara tatu, na shughuli imekwisha. Hakuna mkataba uliosomwa, hakuna kikao kilichokaa, wala hakuna aliyeuliza swali. Siku ya msiba ndipo watu wanapotazamana.

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba haya ni mambo ya mafundi peke yao. Watumishi wa umma na walimu ndio wanaokaa katika bodi za vyama vya akiba na mikopo, na ndio wanaotia sahihi mikataba ambayo mara nyingi hawakuelezwa maana yake. Akiba ya mwalimu, namba yake ya kitambulisho, deni lake na neno lake la siri hupita katika mlango ambao hakuuchagua. Basi ana haki ya kuuliza nani amewekwa kuulinda, na kwa masharti gani.

KAZI MBILI

Kwanza tuelewe kinachonunuliwa. Huduma hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni uchukuzi. Kampuni huweka nakala za kurasa na picha zako katika seva zake zilizotawanyika duniani, ili mteja wa Mbeya asisubiri picha isafiri kutoka Ulaya. Umbali una gharama yake. Ujumbe unaotoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt na kurudi huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kabla ukurasa haujafunguka ujumbe wa namna hiyo huenda na kurudi mara kadhaa. Kampuni ya Akamai ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1998, ilianza kwa kazi hii hii ya kusogeza nakala karibu na msomaji.

Kazi ya pili ni ulinzi. Kampuni husimama mlangoni mwa tovuti yako, hupokea kila anayebisha hodi, humpitisha mteja na kumzuia mhalifu. Silaha kubwa ya wahalifu siku hizi ni mafuriko: maelfu ya mashine zilizotekwa huamriwa kubisha hodi kwa mara moja, mpaka seva ielemewe na mteja wa haki akose nafasi. Mwezi Februari 2018 tovuti ya GitHub, inayotumiwa na watunga programu duniani kote, ilipigwa na mafuriko yaliyofikia biti trilioni 1.35 kwa sekunde. Iliokoka kwa sababu mzigo ule ulielekezwa kwa kampuni ya ulinzi yenye mabega mapana. Na sisi wa Afrika Mashariki hatukusalimika. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulishambuliwa kwa njia hiyo hiyo, na wananchi wakahangaika kupata huduma walizozizoea.

Kwa hiyo wako ndugu zetu wanaosema kwamba dawa ni kuwakataa walinzi wa nje kabisa, kila shirika likae na seva yake chumbani na kujilinda lenyewe. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini hayana msingi. Hakuna chama cha akiba, duka la vitabu wala kampuni ya mabasi inayoweza kumudu mafuriko ya kiasi hicho kwa waya wake mmoja. Bawabu anahitajika. Ubishi wetu ni juu ya kiasi cha mamlaka anachopewa.

BAWABU HUFUNGUA BARUA

Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Mawasiliano baina ya mteja na tovuti husafiri yakiwa yamefungwa ndani ya bahasha ya siri. Lakini bawabu hawezi kujua kama ndani ya bahasha mna ombi la mkopo au mna hila ya mwizi mpaka aifungue. Basi huifungua, huisoma, huifunga tena, ndipo huipeleka kwa mwenyewe. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa kazi hii. Kumchagua mlinzi wa tovuti, kwa hiyo, ni kumchagua mtu atakayesoma barua za wateja wako.

Mtu akisema kwamba huo ni wasiwasi wa bure, na akumbuke yaliyotokea Februari 2017. Mtafiti wa Google, Tavis Ormandy, aligundua kwamba kasoro katika programu za Cloudflare ilikuwa ikimwaga vipande vya siri za tovuti moja ndani ya kurasa za tovuti nyingine, na baadhi ya vipande hivyo vilikuwa vimekwisha kuokotwa na mitambo ya kutafuta habari. Kampuni iliziba kasoro ile upesi, na ikaeleza hadharani kilichotokea. Hilo ni la kusifiwa. Lakini waliomwagikiwa siri hawakuwa wateja wa Cloudflare moja kwa moja. Wao walikuwa wateja wa wateja wake, ambao pengine hawakuwa wamelisikia hata jina la bawabu yule.

Sheria nayo imesema. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinamwajibisha aliyezikusanya taarifa, na zinaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Kuajiri bawabu hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Bodi isiyojua barua za wanachama zinafunguliwa katika nchi gani imekwisha kushindwa mtihani kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

FUNGUO MIKONONI MWA MMOJA

Wako tena wanaosema, "Chagua kampuni kubwa kuliko zote, huwezi kukosea." Kasumba hii ya kuabudu ukubwa imekwisha kukanushwa na matukio. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare ilieneza kanuni moja mbovu ya ulinzi katika mitambo yake yote kwa wakati mmoja, na tovuti nyingi duniani zikazimika kwa karibu nusu saa. Tarehe 8 Juni 2021 ilikuwa zamu ya Fastly: mteja mmoja alibadili mpangilio wake kihalali kabisa, kasoro iliyokuwa imejificha ikaamka, na asilimia 85 ya mtandao wa kampuni ile ikaanza kutoa makosa. Tovuti ya serikali ya Uingereza na magazeti kama The Guardian na The New York Times yalitoweka kwa muda.

Kisha ikaja tarehe 18 Novemba 2025. Mabadiliko madogo katika hifadhi ya data ya Cloudflare yalifanya faili moja la kutambulisha mashine za hila liwe kubwa kupita kiasi, na programu ya mlangoni ikashindwa kulibeba. Kwa saa kadhaa tovuti mashuhuri, pamoja na X na ChatGPT, zilisumbuka. Wala hapakuwa na adui yeyote. Bawabu alijikwaa mwenyewe.

Lakini funzo kubwa la siku ile ni jingine, na wengi wamelisahau. Wateja waliotaka kuondoka kwa muda, wafungue njia nyingine kuelekea kwenye seva zao, wengi walishindwa hata kuingia katika ofisi ya akaunti zao, kwa sababu kifaa cha kuhakiki wanaoingia nacho kilikuwa cha kampuni ile ile, nacho kilikuwa kimezimika. Mwenye nyumba alisimama nje ya nyumba yake, na ufunguo wa mlango wa dharura umo mfukoni mwa bawabu aliyezirai. Hapo ndipo inapofikisha tabia ya kumkabidhi mtu mmoja jina la tovuti, daftari la anwani, ulinzi na nakala, ati kwa kuwa ni rahisi kulipia mahali pamoja.

MASWALI YA KIKAONI

Basi bodi yenye akili iulize nini kabla ya kutia sahihi?

Kwanza, iulize seva zilizo karibu na wateja wetu ziko wapi, na kama bei tunayolipa inatupa haki ya kuzitumia. Mathalani huduma ya Amazon CloudFront ina madaraja ya bei, na daraja lililo rahisi kuliko yote haliingizi seva za Afrika. Bodi ikishangilia punguzo hilo, imenunua gari na kuliacha bandari ya mbali. Tukumbuke pia tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo, nakala iliyo jirani ndiyo inayobaki na manufaa. Na tusidanganyike: nakala hufaa kwa picha na matangazo, lakini salio la mwanachama halina nakala. Hilo hutoka kwenye seva yenyewe kila mara, nayo ikiwa ng'ambo, mteja ataendelea kungoja.

Pili, iulize bawabu anamzuia nani. Katika mitandao yetu ya simu, wateja wengi huonekana kwa nje kwa anwani moja. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya nchi ambako kila nyumba ina anwani yake itaona wateja mia wa haki, itasema ni mhalifu mmoja mwenye pupa, na itawafungia wote. Mlinzi anayewafukuza wanunuzi ni hasara hata akiwa na sifa dunia nzima. Huduma ijaribiwe kwanza kwa simu ndogo, katika mitandao ya hapa, kwa wiki kadhaa.

Tatu, iulize nani atalipia mafuriko. Zipo huduma zinazotoza kwa kiasi cha data kilichobebwa, na pasipo sharti la wazi, mzigo aliouleta adui huweza kuingia katika hati yako ya malipo. Zipo nyingine zinazoondoa gharama hiyo, lakini kwa ada kubwa. AWS Shield Advanced, kwa mfano, imekuwa ikitoza dola 3,000 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka mzima. Kila shirika lipime uzito wa mfuko wake.

Nne, iulize mlango wa nyuma umefungwa au la. Ulinzi wote huwa bure ikiwa anwani halisi ya seva inajulikana, kwa kuwa imebaki katika kumbukumbu za zamani au kwa kuwa barua pepe hutumwa kutoka kwenye mashine ile ile. Adui humpita bawabu kando. Seva na iamriwe kupokea wageni waliopitia kwa bawabu tu. Kazi hiyo ni ya saa chache, na wengi hawaifanyi.

Tano, na hili ndilo kuu, iulize tutaondokaje. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la shirika, kwa msajili asiye bawabu, na ufunguo wake ujulikane na zaidi ya mtu mmoja. Daftari la anwani nalo likiwezekana likae kwingine. Pale ambapo kampuni inadai lazima likae kwake, nakala yake itunzwe nyumbani, ili siku ya haja msajili aelekezwe kwingine, ingawa badiliko hilo huchukua saa kadhaa kuenea. Na mara moja kwa mwaka shirika lifanye zoezi la kuhama, kama shule zifanyavyo zoezi la moto.

WADOGO NAO WANA LA KUFANYA

Watatokea wa kusema kwamba sisi ni wadogo, mkataba umeandikwa na wakubwa, hatuna la kubadili hata neno moja. Kuhusu mkataba, wana haki. Lakini usajili wa jina, nakala ya daftari, kufunga mlango wa nyuma na zoezi la kuhama haviombwi kwa kampuni yoyote, wala havihitaji fedha nyingi. Vinahitaji kikao kimoja cha watu wanaojua wajibu wao. Kujitegemea katika jambo hili ni kuhakikisha kwamba unayemtegemea leo unaweza kuachana naye kesho bila kufunga duka.

Wajumbe wa bodi, waangalizi wa mahesabu na wanachama kwa jumla, ulizeni katika mkutano ujao: jina la tovuti yetu limesajiliwa kwa nani? Likitajwa jina la fundi aliyekwisha kuhama, au kimya kikatanda, mjue kwamba nyumba yenu inalindwa na mtu ambaye hamwezi kumwachisha kazi. Bawabu aheshimiwe na alipwe haki yake. Lakini hati ya nyumba ikae kwa mwenyewe.