Roboti "anatembea" au "inatembea"?

Novemba 2025 nilipeleka mezani kwa mhariri habari fupi kuhusu roboti ya kampuni ya Xpeng ya China, inayoitwa IRON. Niliandika "roboti hiyo inatembea". Kesho yake gazetini nikakuta "roboti huyo anatembea". Nilipouliza, nikajibiwa kwa kicheko: "Bwana mdogo, kwani video hukuiona? Kitu kinachotembea vile utakiitaje 'hiyo'?"

Niliiona sana. Ule mwendo ulikuwa wa madaha, nyonga zikicheza kama za mwanamitindo, hadi watu mtandaoni wakaapa kwamba ndani kuna binadamu. Kampuni ikalazimika kuchana "ngozi" ya mguuni hadharani ili vyuma vionekane. Wakapiga makofi, dunia ikashangilia, na sisi tukaandika "anatembea".

Ndugu zangu, hili si suala dogo la sarufi. Wazungu wanaweza kuandika "roboti" na kitenzi bila kusema kama ina uhai au haina. Sisi hatuwezi. Kila kitenzi chetu kinatudai jibu: ni kiumbe au ni kitu? Mwandishi anayeipa roboti ngeli ya A-WA ameshatoa hukumu kabla msomaji hajafika kwenye nukta. Na hukumu hiyo ameitoa kwa ushahidi mmoja tu: imejongea vizuri.

Mjongeo ni shahidi mwongo, na tumelijua hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya pembetatu mbili na duara dogo vikizunguka karibu na kisanduku chenye mlango. Karibu wote wakasimulia habari za mbabe, mnyonge na ugomvi. Kwa pembetatu, jamani!

Mwaka 1986 John Lasseter wa Pixar alionyesha Luxo Jr., filamu ya taa mbili za mezani, kubwa na ndogo. Hazina macho wala mdomo. Baada ya onyesho mtaalamu mwenzake, Jim Blinn, akamfuata, na Lasseter akadhani anakuja kuuliza mambo ya vivuli. Swali lake likawa: ile taa kubwa ni mama au baba?

Kama bingwa wa michoro ya kompyuta anaulizia wazazi wa taa, mimi na wewe ni nani?

Mjongeo huohuo ukikosewa kidogo, mapenzi yanageuka woga. Mwaka 1970 Mjapani Masahiro Mori aliandika kwamba kadiri roboti inavyofanana na mtu ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapokaribia sana, hapo tunaporomoka ghafla kama waliotumbukia bondeni. Akasema mjongeo hulifanya bonde hilo kuwa refu zaidi. Alitoa mfano wa roboti ya maonyesho ya Osaka mwaka huohuo, iliyokuwa na jozi 29 za misuli ya bandia usoni ili itabasamu. Punguza kasi ya tabasamu lile kwa nusu, furaha inaondoka na kinabaki kitu cha kutisha. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni kasi, na vichwa vyetu vikamaliza kazi iliyobaki.

Sasa tazama wauzaji wanavyoutumia udhaifu huu. Mwaka 2015 Boston Dynamics walitoa video ya Spot, roboti yao ya miguu minne, ikipigwa teke. Ikayumba, ikatapatapa, ikasimama tena. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba haianguki kirahisi, lakini wapo waliolalamika kuwa huo ni ukatili. Siwacheki. Huruma ile ni sehemu nzuri ya utu wetu. Ila ni huruma yetu, haitoki kwenye chuma.

Oktoba 2024 Tesla waliwakusanya wageni California, na roboti zao za Optimus zikawahudumia vinywaji na kupiga nao soga. Baadaye ikafahamika kuwa zilikuwa zikisaidiwa na watu kwa mbali. Mwandishi aliyeandika usiku ule "roboti amezungumza na wageni" aliwafuta wafanyakazi wa watu kwa herufi moja tu, ile "a".

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwenye uhai ndiye anayebeba lawama. Siku mashine itakapomvunja mtu mkono kiwandani, tutaandika "roboti amemjeruhi mfanyakazi", na aliyeiunda, aliyeinunua na aliyeiwasha watakuwa wamejificha nyuma ya kitenzi chetu, wametulia.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema kwenye hadithi za bibi sungura anazungumza, na hakuna aliyedhurika. Kweli kabisa. Hata WALL-E ya mwaka 2008 nitasema "anapenda" bila aibu, maana nimelipia tiketi ili nidanganywe. Lakini bibi alianza kwa "paukwa", nasi tukaitikia "pakawa". Tulijua tunaingia wapi. Ukurasa wa habari hauna paukwa.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu mambo mawili. Roboti iandikwe "inatembea", hata ikitembea kwa maringo kuliko dada zetu wa mjini. Na kila tunapotazama video hizi tuulize maswali ya kazi: nani anaiongoza? Video imekatwa mara ngapi? Ikiondolewa jukwaani inaweza kufanya nini?

Mhariri wangu akisoma hapa, shikamoo. Kesho naandika tena "inatembea".

Naomba kutoa hoja.